Kwa nini mwili hukikataa kiungo kilichokuja kuuokoa

Mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ni mashuhuri miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki walioko ughaibuni. Minnesota ndilo jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, na wengi wao walianza maisha mapya katika mtaa huo kuanzia miaka ya 1990. Waoromo nao wapo, na Wakenya wamejaa katika vitongoji vya kaskazini magharibi mwa mji.

Mtaa huo umepakana na Chuo Kikuu cha Minnesota, chuo ambacho majengo yake yametanda kingo zote mbili za mto Mississippi. Kwa zaidi ya miaka 60 wataalam wa chuo hicho wamekuwa wakilichunguza swali moja linalomgusa kila mtu aliyepandikizwa figo, ini au moyo, awe Minneapolis, Nairobi au Dar es Salaam. Kwa nini mwili hukipiga vita kiungo ambacho kimekuja kuuokoa?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika aina moja ya chembechembe nyeupe za damu, ziitwazo seli T. Na mengi tunayoyajua kuhusu seli hizo tumefunzwa na mnyama mdogo asiyependwa majumbani: panya.

Kitambulisho cha kila seli

Kila mtu huzaliwa na alama zake. Juu ya seli za mwili kuna protini ambazo ni mithili ya kitambulisho, na kinga ya mwili huzikagua alama hizo saa zote. Kwa binadamu protini hizo huitwa HLA, na kwa panya huitwa H-2. Jeni zinazozitengeneza hurithiwa nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, nazo hutofautiana mno baina ya mtu na mtu.

Ndiyo maana ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana alama zote, ilhali pacha wa kufanana hulingana kabisa. Daktari Joseph Murray na wenzake walipopandikiza figo mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, operesheni hiyo ilifaulu kwa sababu mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha wa aina hiyo. Mwili wa mgonjwa haukuona mgeni yeyote.

Alama hizi ziligunduliwa kwanza kwa panya. Mwaka 1936 Peter Gorer, akiwa London, alizitambua katika damu yao. Baadaye George Snell, katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, alitumia koo za panya zilizozalishwa kwa kupandisha kaka na dada kizazi baada ya kizazi, mpaka panya wote wa ukoo mmoja wakawa kama pacha. Ngozi iliyohamishwa kutoka panya mmoja hadi mwenziwe wa ukoo huo ilishika na kuota manyoya. Ilipotoka ukoo mwingine, ilikauka na kudondoka. Kazi hiyo ilimpatia Snell Tuzo ya Nobel mwaka 1980, pamoja na Baruj Benacerraf na Jean Dausset.

Hapo ndipo ilipo faida ya panya. Mtafiti anaweza kuchagua tofauti anayoitaka baina ya mtoaji na mpokeaji, akaondoa jeni moja au akaongeza aina moja ya seli, kisha akaangalia kinachotokea. Kwa binadamu hilo haliwezekani wala halikubaliki.

Tezi iliyodhaniwa haina kazi

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi laini iitwayo thaimasi. Huwa kubwa utotoni na husinyaa kadiri mtu anavyozeeka. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalam wengi waliiona kuwa haina kazi ya maana. Ikiondolewa kwa mnyama mzima, hakuna kilichoonekana kubadilika.

Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu nchini Uingereza, aliiondoa kwa panya waliokuwa na siku moja tu tangu kuzaliwa. Panya hao walikua wakiwa dhaifu mbele ya maradhi, lakini walikuwa na jambo la ajabu: walipopandikizwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, hawakuikataa.

Wakati huo huo, kundi la Profesa Robert Good katika Chuo Kikuu cha Minnesota lilikuwa likifuata njia hiyo kivyake. Good alikuwa amemtibu mgonjwa mwenye uvimbe wa thaimasi ambaye kinga yake ilikuwa imeporomoka, naye akajiuliza kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Mwaka 1962 yeye na wenzake, akiwamo Carlos Martinez, walichapisha matokeo yao kuhusu panya walioondolewa thaimasi utotoni ambao walibaki na ngozi ya kigeni kwa muda mrefu.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, Max Cooper akiwa katika maabara ya Good alionyesha kwa kutumia kuku kwamba kinga ina matawi mawili. Tawi moja hutoka katika thaimasi na hushughulika na kukataa ngozi ya kigeni na kupambana na seli zilizoambukizwa. Jingine hutengeneza kingamwili, yaani zile protini zinazoelea katika damu na kunasa vijidudu. Seli za tawi la kwanza zikaja kuitwa seli T, kwa herufi ya kwanza ya jina la tezi hiyo katika lugha za Ulaya. Cooper na Miller walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Lasker mwaka 2019.

Leo inafahamika kwamba thaimasi ni chuo cha mafunzo. Seli changa huingia humo kutoka katika uboho wa mifupa, na kila moja hujitengenezea kipokezi chake, mfano wa ufunguo ambao haujulikani bado utafungua kufuli gani. Zile ambazo haziwezi kutambua kitambulisho chochote cha mwili hufa. Zile zinazokishambulia kwa nguvu hufa pia. Wengi wa wanaoingia hawahitimu. Wachache wanaotoka ni walinzi waliofundishwa kuwastahi wenyeji.

Lakini figo ya mtu mwingine haikuwapo darasani. Mwalimu hakuwahi kuionyesha, kwa hiyo mlinzi hana sababu ya kuistahi.

Kwamba mafunzo ndiyo yanayoleta tofauti, Peter Medawar na wenzake Rupert Billingham na Leslie Brent walikwisha kulithibitisha mwaka 1953. Walichoma vijusi vya panya vilivyokuwa bado tumboni kwa seli za panya wa ukoo mwingine. Vijusi hivyo vilipozaliwa na kukua, viliipokea ngozi ya ukoo ule bila matata. Vilikuwa vimeuzoea mapema, wakati kinga yao ilikuwa bado inajifunza. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Kinachotokea baada ya kushonwa

Chukua mfano wa kawaida wa maabara. Kipande cha ngozi ya panya mweupe hushonwa mgongoni mwa panya mweusi wa ukoo mwingine. Siku za mwanzo hali ni shwari. Mishipa ya damu huungana na ngozi huwa na rangi ya uhai. Kisha, karibu na siku ya kumi, huanza kuvimba na kuwa nyekundu, hukauka, na baada ya siku chache hudondoka.

Moyo nao hupandikizwa kwa panya. Daktari wa upasuaji, akitumia darubini, huuweka moyo wa pili tumboni na kuuunganisha na mishipa mikubwa ya damu, huku moyo wa panya mwenyewe ukiendelea na kazi yake kifuani. Kila siku mtafiti hugusa tumbo kwa kidole na kusikiliza kama moyo ule bado unadunda. Bila ya dawa, kwa kawaida hunyamaza katika muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo.

Nini hutokea katika siku hizo? Upasuaji wenyewe hujeruhi kiungo, na jeraha ni king'ora. Ndani ya kiungo hicho mna seli za upelelezi za mtoaji. Hizo huamka, huacha kiungo na kusafiri hadi katika tezi za limfu za mpokeaji, zile tunazoziita mitoki zinapovimba. Huko ndiko seli T zinakopita kila siku kukagua habari. Seli T ambayo kipokezi chake kinaoana na kitambulisho cha kigeni husimama.

Kusimama peke yake hakutoshi. Seli T huhitaji ishara ya pili, kutoka katika seli ile ile ya upelelezi, inayothibitisha kwamba hatari ipo kweli. Mwaka 1987 Marc Jenkins, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa viongozi wa utafiti wa kinga huko Minnesota, alionyesha pamoja na Ronald Schwartz kwamba seli T ikipata ishara ya kwanza bila ya pili haishambulii. Huzubaa, na hata ikiitwa baadaye haiitikii.

Ishara zote mbili zikikamilika, seli T huanza kujigawa, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, hadi maelfu kwa maelfu. Kisha huiacha tezi na kuifuata njia ya damu hadi kwenye kiungo. Huko hugawana kazi. Seli T za uuaji huzigusa seli za kigeni moja baada ya nyingine, huzitoboa na kuzimiminia kemikali zinazoziamuru zijiue. Seli T za usaidizi huita wapiganaji wengine na kuzihimiza seli za tawi la pili zitengeneze kingamwili dhidi ya kiungo.

Ushahidi kwamba seli T ndizo zinazoongoza vita hivyo ni wa wazi. Panya wasio na seli T hubaki na ngozi ya kigeni. Wakirudishiwa seli T kutoka kwa panya wa ukoo wao, ngozi ile ile huharibika. Na panya aliyekwisha kukataa ngozi mara moja, akishonewa nyingine kutoka ukoo ule ule, huikataa upesi zaidi. Kinga yake inakumbuka.

Kuna njia mbili za kumtambua mgeni. Ya kwanza ni ya moja kwa moja, ambapo seli T huona alama za mtoaji juu ya seli za mtoaji mwenyewe. Njia hii ndiyo yenye nguvu kubwa katika siku za mwanzo. Ya pili ni ya mzunguko, ambapo seli za upelelezi za mpokeaji huokota vipande vya kiungo na kuvionyesha. Hii huendelea polepole, na inahusishwa na ule uharibifu wa taratibu ambao huweza kuifanya figo ichoke baada ya miaka kadhaa.

Hesabu iliyowashangaza wataalam

Swali moja lilibaki kwa muda mrefu. Kwa nini kiungo hukabiliwa kwa ukali kuliko hata vijidudu vingi?

Mwaka 2007 maabara ya Jenkins huko Minneapolis ilitangaza njia ya kuzihesabu seli T za panya ambazo zinatambua kipande kimoja tu cha protini kabla ya panya huyo kukutana nacho. Miongoni mwa mamilioni ya seli, walipata kati ya takriban 20 na 200 tu katika mwili mzima wa panya. Ni walinzi wachache mno, na ndiyo maana ugonjwa mpya huchukua siku kadhaa kabla ya kudhibitiwa.

Kwa kiungo cha kigeni hesabu ni nyingine kabisa. Makadirio ya watafiti ni kwamba asilimia 1 hadi 10 ya seli T zote zinaweza kuzitambua moja kwa moja alama za mtu mwingine. Hapo si walinzi mia mbili tena, bali ni jeshi zima. Sababu ni kwamba seli T zilifundishwa kukagua vitambulisho vyenye umbo hilo hilo, na kitambulisho cha jirani kinafanana na chetu kiasi cha kusomeka, lakini kinatofautiana kiasi cha kutiliwa shaka.

Kuwafunga walinzi wote

Njia ya kwanza iliyofikiriwa na madaktari ilikuwa kuzipunguza seli T zote. Minnesota ilikuwa na nafasi yake katika historia hiyo. Ndipo Daktari William Kelly na Daktari Richard Lillehei walipopandikiza kongosho kwa mara ya kwanza duniani, mnamo Desemba 1966. Profesa John Najarian, aliyeongoza idara ya upasuaji ya chuo hicho kuanzia mwaka 1967, alisimamia utengenezaji wa dawa iliyopatikana kwa kuwachoma farasi seli za kinga za binadamu na kukusanya kingamwili walizozitengeneza. Dawa hiyo ilitumika kwa maelfu ya wagonjwa hadi serikali ya Marekani ilipoisimamisha mwaka 1992 kwa sababu za kisheria na kiutaratibu. Najarian alishtakiwa, na mwaka 1996 mahakama ilimwachia huru.

Dawa ya saiklosporini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, na takrolimu iliyofuata katika miaka ya 1990, zilibadili kabisa mambo. Hizi haziui seli T, bali huzizuia zisiamke. Viungo vilivyokuwa vikipotea katika mwaka wa kwanza vilianza kudumu.

Hata hivyo dawa hizo hazichagui. Mlinzi anayemtishia mgeni mwema hufungwa pamoja na mlinzi anayemzuia mwizi. Mgonjwa hubaki katika hatari ya maambukizi, kifua kikuu kikiwamo, na ya baadhi ya saratani. Kwa muda mrefu dawa hizo hizo huweza kuidhuru figo iliyopandikizwa. Na hunywewa kila siku, kwa saa maalum, kwa muda wote ambao kiungo kinafanya kazi.

Mgeni anapomshambulia mwenyeji

Katika upandikizaji wa uboho mambo hugeuka. Uboho wenyewe ndio chimbuko la kinga, hivyo mgeni huja na askari wake. Mwaka 1968 Robert Good na wenzake walimpandikiza mtoto mchanga aliyezaliwa bila kinga uboho wa dada yake, na akapona. Ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa uboho kufaulu baina ya watu wasio pacha. Lakini seli T zilizomo katika uboho wa mtoaji huweza kuiona ngozi, ini na matumbo ya mgonjwa kuwa ndiyo ya kigeni, zikavishambulia. Ugonjwa huo umewaua wengi.

Ni katika kutafuta tiba ya ugonjwa huo ambapo Profesa Bruce Blazar na kundi lake huko Minneapolis walizigeukia seli T za udhibiti. Hizi ni seli T pia, ila kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua kwa panya mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell waligundua jeni inayoziongoza, kwa kuchunguza panya waliozaliwa na magamba ya ngozi na ambao kinga yao iliwala wenyewe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Mwaka 2002 kundi la Minnesota lilionyesha kwamba seli za udhibiti zikikuzwa kwa wingi maabara na kupewa panya waliopandikizwa, zinapunguza vifo vitokanavyo na ugonjwa huo. Mwaka 2011 walitoa taarifa ya wagonjwa 23 waliopandikizwa damu ya kitovu na kupewa seli za udhibiti. Walioupata ugonjwa wa kiwango cha kati hadi kikali walikuwa asilimia 43, wakilinganishwa na asilimia 61 ya wagonjwa wa awali wasiopewa. Njia kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ilikuwa imechukua takriban miaka tisa.

Panya walio safi mno

Lakini si kila njia hufika. Kwa miongo kadhaa watafiti wamewafanya panya wavipokee viungo vya kigeni bila dawa ya kudumu. Mbinu mojawapo ni kuizuia ile ishara ya pili kwa siku chache tu baada ya upasuaji. Kwa panya wa maabara mara nyingi inatosha. Kwa binadamu haijatosha. Dawa ya belatasepti, inayofuata mbinu hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa waliopandikizwa figo. Katika majaribio, wagonjwa waliopata mashambulizi ya mapema walikuwa wengi zaidi kuliko waliotumia saiklosporini, ingawa baada ya miaka saba figo zao zilifanya kazi vizuri zaidi na vifo na upotevu wa figo ulikuwa mdogo. Na dawa hiyo hutolewa mfululizo, si kwa siku chache.

Kwa nini tofauti hiyo? Fununu moja ilitolewa mwaka 2003 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta. Panya waliokuwa wameambukizwa virusi kadhaa hapo awali waligoma kukizoea kiungo cha kigeni, hata walipopewa tiba iliyowafaa wenzao. Seli T za kumbukumbu, zilizobaki baada ya maambukizi, zilikuwa zikikitambua kiungo kwa bahati ya kufanana. Seli hizo haziihitaji sana ishara ya pili, na ni wepesi kuamka.

Mwaka 2016 Profesa David Masopust na Profesa Stephen Jameson wa Chuo Kikuu cha Minnesota walilitoa jambo hilo hadharani kwa namna rahisi. Waliwanunua panya katika maduka ya wanyama wa kufugwa, ambao hubeba vijidudu vya kila aina, wakawaweka pamoja na panya wa maabara katika jengo lenye ulinzi mkali wa kiafya. Baadhi ya panya wa maabara walikufa. Waliosalia kinga yao ilibadilika. Kabla ya hapo, seli zao za kinga zilifanana na za mtoto mchanga wa binadamu. Baadaye zilifanana na za mtu mzima, zikiwa na seli za kumbukumbu tele, zilizosambaa hata katika ngozi na viungo vya ndani.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya majaribio ya dunia ilifanywa kwa wanyama wanaoishi katika vizimba safi kuliko mazingira ya mtu yeyote. Mgonjwa wa kweli amekwisha kuugua mafua, surua au malaria, amechanjwa, huenda amejifungua au kuongezewa damu. Seli zake T zina historia. Tiba isiyojaribiwa mbele ya historia hiyo inaweza kufaulu kizimbani na kushindwa wodini. Ndiyo sababu baadhi ya maabara sasa hutumia panya walioishi na vijidudu kabla ya kuipeleka tiba kwa watu.

Hatua zimeonekana pia kwingineko. Mjini Boston, mwaka 2008, madaktari walieleza kwamba wagonjwa wanne kati ya watano waliopandikizwa figo pamoja na uboho wa mtoaji yule yule waliweza kuacha dawa zote. Ni wazo la Medawar likirudi kwa umbo jipya. Minneapolis nako, mwaka 2019, kundi la Profesa Bernhard Hering lilitangaza kwamba nyani waliopandikizwa seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na kupewa chembechembe nyeupe za mtoaji zilizokuwa zikifa, walizihifadhi kwa mwaka mmoja au zaidi bila dawa za kudumu. Seli zinazokufa kwa utulivu huueleza mwili kwamba hakuna hatari.

Jambo hili linawahusu vipi watu wa Afrika Mashariki?

Upandikizaji wa viungo si habari ya mbali tena. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kenya hufanya kazi hiyo Nairobi na Eldoret, miongoni mwa miji mingine. Uganda ilipitisha sheria yake ya upandikizaji mwaka 2023, na hospitali ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Desemba mwaka huo.

Upasuaji, pamoja na uzito wake, huisha kwa siku moja. Dawa za kuzituliza seli T haziishi. Kwa familia nyingi gharama ya dawa hizo ndiyo mzigo wa kila mwezi, na mara kwa mara ndugu walioko ughaibuni ndio wanaotuma fedha za kuzinunua. Mgonjwa anayeruka vipimo vya siku kadhaa kwa sababu ya ukata hahisi kitu mwanzoni. Lakini seli T zimeachiwa mlango wazi, na zikiamka huacha kumbukumbu. Figo inayofuata itakuwa ngumu zaidi kuipata na kuihifadhi.

Suala la vitambulisho nalo linawagusa Waafrika kwa namna ya pekee. Daftari la watu waliojitolea kuchangia uboho nchini Marekani, linalosimamiwa na shirika la NMDP lenye makao yake Minneapolis, linaonyesha kwamba mgonjwa mzungu ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata mtoaji anayelingana naye kikamilifu. Kwa mgonjwa mweusi nafasi hiyo ni asilimia 29. Sababu ni mbili. Watu weusi waliojiandikisha ni wachache, na Afrika, kwa kuwa ndiko binadamu walikoishi muda mrefu zaidi, ina aina nyingi zaidi za jeni kuliko bara jingine lolote. Kwa figo kulingana kikamilifu si sharti, kwa sababu dawa huziba pengo. Kwa uboho kuna umuhimu mkubwa, kwa maana seli T za mtoaji ndizo zitakazoishi ndani ya mgonjwa. Mtoto wa Kisomali au wa Kikenya mwenye saratani ya damu ana matumaini makubwa zaidi ya kumpata mtoaji miongoni mwa watu wa asili yake kuliko kwingineko, na kujiandikisha huanza kwa kupangusa ndani ya shavu kwa pamba tu.

Lipo na jambo la tatu. Ikiwa historia ya maambukizi hubadili namna seli T zinavyokipokea kiungo, basi haitoshi kwa tiba mpya kujaribiwa kwa panya safi, wala kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani peke yao. Mtu aliyekulia Kisumu, Tanga au Mogadishu amekutana na malaria, kifua kikuu na minyoo kwa kiwango kingine. Jinsi tiba za seli za udhibiti zitakavyofanya kazi katika mwili wake ni swali linalohitaji kujibiwa kwa kumshirikisha yeye mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika upandikizaji wa viungo mgeni huja kweli na dawa mkononi, lakini seli T hazijui kusoma nia yake, husoma kitambulisho tu. Kazi iliyoanza na panya wasio na thaimasi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni ya kuzifundisha tofauti hiyo. Mpaka hapo zitakapofundishika, ushauri wa madaktari kwa aliyepandikizwa haujabadilika: kunywa dawa kila siku kwa saa yake, hudhuria kliniki, na usiache dawa yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wako, hata kama unajisikia mzima kabisa.